Mzimu au mkono wa mtu? Mabishano juu ya filamu ya Alaska na maswali ya matanga yetu



Leo tunataka kuzungumza juu ya filamu. Tunajua kuna wazee watakaoshangaa kuona jambo hili hapa. Lakini filamu za upelelezi, zile zinazoanza na maiti na kwenda sehemu kwa sehemu mpaka muuaji ajulikane, zinaingia nyumbani mwetu kila siku kwa simu na kwa flash, na vijana wetu wanazibishania kwa moto mkubwa kuliko mahubiri ya Jumapili. Tusidharau mabishano hayo. Ndani yake kuna swali tunalokutana nalo kila penye matanga: huyu ameuawa na nini? Ni roho, ni maumbile, au ni mkono wa mtu?

Tumechagua filamu moja tu ili tusizunguke. Ni msimu wa nne wa True Detective, wenye jina la Night Country, yaani nchi ya usiku. Kituo cha HBO cha Marekani kiliuonyesha kuanzia tarehe 14 Januari mpaka tarehe 18 Februari 2024, sehemu 6 kwa jumla. Aliyeandika na kuongoza ni Issa López, mwanamke wa Mexico. Waigizaji wakuu ni Jodie Foster, aliyepewa tuzo ya Emmy mwaka huohuo kwa kazi hiyo, na Kali Reis, aliyekuwa bingwa wa ngumi kabla ya kuwa mwigizaji. Watazamaji waligawanyika tangu sehemu ya kwanza, na hata leo wapo wanaobishana: je, katika hadithi ile kuna mizimu kweli, au hakuna?

Anayetaka kuitazama bila kujua mwisho wake aache kusoma hapa, kwa sababu tutausema wote.

Hadithi yenyewe

Mji wa Ennis haupo katika ramani, umebuniwa. Lakini umewekwa katika Alaska ya kaskazini, jimbo la Marekani ambako kuna miji ya kweli isiyoliona jua wakati wa baridi. Huko Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa wa Marekani, jua huzama katikati ya Novemba na halitokei tena kwa siku 65 hivi. Wenyeji wengi wa huko ni Wainupiat, watu wa asili waliokuwepo kabla ya Mzungu kufika. Picha zenyewe zilipigwa Iceland.

Katika usiku huo mrefu, wanaume 8 wa kituo cha utafiti kinachoitwa Tsalal wanatoweka. Chakula kimeachwa, televisheni inaendelea kuwaka, na sakafuni umebaki ulimi wa mtu. Baadaye miili inakutwa juu ya barafu, uchi, imegandamana kama kitu kimoja, nyuso zikiwa na hofu kubwa.

Ulimi ule unagundulika kuwa ni wa mwanamke aliyeuawa miaka 6 kabla: Annie Kowtok, Minupiat, mkunga, aliyekuwa akiupinga mgodi wa mji. Maji ya mabombani yalikuwa yanatoka meusi, na watoto walikuwa wanazaliwa wamekufa. Annie alisema wazi kwamba mgodi ndio unaowaua. Akakutwa amechomwa visu, ulimi umekatwa. Hakuna aliyekamatwa.

Wapelelezi ni wawili. Danvers ni mkuu wa polisi, mwanamke asiyetaka kusikia habari za roho, aliyefiwa na mtoto wake. Navarro ni askari ambaye mama yake alikuwa Minupiat. Yeye husikia sauti na kuona waliokufa, na anaogopa kwamba ni ugonjwa wa ukoo, kwa maana mama yake na dada yake walisumbuliwa vilevile.

Pande mbili za watazamaji

Upande mmoja unasema: mizimu ipo katika hadithi hii, na haikufichwa. Mama mmoja mzee anaongozwa mpaka kwenye miili na mtu aliyekufa zamani. Mmoja wa watafiti, akiwa kufani hospitalini, anainuka na kumpa Navarro salamu za mama yake aliyekwisha kufa. Chungwa lililotupwa gizani linarudi likibingirika. Na ulimi: umekaa wapi miaka 6 bila kuoza, na nani aliuweka pale sakafuni? Hadithi inamalizika bila mtu yeyote kueleza. Watu wa upande huu wanasema anayeondoa mizimu katika filamu hii anafanya kama yule anayekula ugali na kuacha mboga.

Upande wa pili unajibu: kila kitu kina sababu yake. Navarro anaona mambo kwa sababu ya uchungu na ugonjwa wa ukoo. Mtu anayekufa kwa baridi hupotewa na akili, na huweza hata kuvua nguo kwa sababu mwili unamdanganya kwamba unaungua. Jambo hilo madaktari wanalijua. Giza la wiki nyingi na upweke vinatosha kumfanya mtu asikie sauti. Na mwishoni mwa hadithi wauaji wanajulikana, nao ni watu wenye majina.

López mwenyewe aliulizwa mara nyingi. Jibu lake ni kwamba aliandika hadithi kwa makusudi iwe na njia mbili, ile ya akili na ile ya roho, na mtazamaji achague. Wengine walifurahi. Wengine walikasirika, wakisema mwandishi asiyejibu amekwepa kazi yake, na kwamba msimu wa kwanza wa mwaka 2014, uliotokea Louisiana, uligusa mambo ya giza bila kuita mizimu.

Chanzo chake ni kifo cha kweli

López alisema pia kwamba moja ya mambo yaliyompa wazo ni habari ya kweli kutoka Urusi. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 1959, vijana 9 waliokuwa wakisafiri kwa miguu na kwa mbao za theluji katika milima ya Ural walikufa wote. Kiongozi wao aliitwa Igor Dyatlov. Hema lao lilikutwa limepasuliwa kutoka ndani. Walikuwa wamekimbia katika baridi kali, wengine bila viatu wala makoti. Mmoja alikutwa hana ulimi.

Watu wakasema mengi. Kwanza walishukiwa Wamansi, wenyeji wa milima ile, kwamba wamewaua wageni kwa kuingia mahali patakatifu. Baadaye ilionekana hawakuhusika. Wengine wakataja silaha za siri za jeshi, wengine viumbe vya porini, wengine roho. Wapelelezi wa serikali ya Kisovieti wakafunga faili kwa kuandika kwamba vijana waliuawa na nguvu ya maumbile waliyoshindwa kuikabili, bila kusema ni nguvu gani. Kesi ilifunguliwa tena mwaka 2019, na mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Urusi wakatangaza kwamba lilikuwa poromoko la theluji. Mwaka 2021 wanasayansi wawili wanaofanya kazi Uswisi walionyesha kwa hesabu jinsi bamba la theluji linavyoweza kuporomoka juu ya hema usiku na kuvunja mbavu za watu. Ulimi uliokosekana wengi wanaueleza kwa maji ya kijito alimokutwa na kwa wanyama wadogo.

Tuangalie hapo Wamansi. Kifo kilipokosa maelezo, kidole cha kwanza kilielekezwa kwa majirani wa asili wenye imani ngeni. Hawakuwa na kosa lolote, ila walikuwa karibu, tena walikuwa tofauti. Sisi wa Kivu, Ituri na Tanganyika tunaijua njia hiyo.

Mabishano haya ni ya zamani

Tuliopita katika shule za theolojia tunakumbuka kwamba kanisa lenyewe lilibishana hivi zamani sana, juu ya hadithi iliyomo katika Biblia. Katika 1 Samweli 28 mfalme Sauli anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili amwinulie Samweli aliyekufa. Je, aliyeinuka alikuwa Samweli kweli? Origene, mwalimu wa karne ya tatu, alisema ndiye. Eustathio wa Antiokia, karne iliyofuata, akaandika kitabu kizima kumpinga: mwanamke yule alidanganya, na shetani akamdanganya Sauli. Wengine wakafuata upande huu, wengine ule, mpaka wakati wa Matengenezo na baada yake.

Wazee hawa hawakuafikiana. Lakini Sauli hakuanguka vitani siku iliyofuata kwa sababu ya mwanamke wa Endori peke yake. Maanguko yake yalianza miaka mingi nyuma, kwa matendo yake mwenyewe, na matendo hayo yameandikwa moja moja kwa sura nyingi kabla ya sura ile. Msomaji anayebaki Endori usiku kucha akiuliza kama mzimu ulikuwa wa kweli anaweza kusahau makuhani wa Nobu, ambao Sauli aliamuru wauawe kwa mkono wa mtu, mchana, watu wakiona. Tunaogopa kwamba watazamaji wengi wa Night Country wamebaki Endori.

Nani aliyemwua Annie?

Hebu tuuache mzimu kidogo, tufuate damu. Mwishoni mwa filamu mambo haya yanajulikana bila shaka yoyote. Watafiti wa Tsalal walikuwa wakitafuta kiumbe kidogo sana katika barafu ya kale, wakiamini kitaleta dawa kubwa kwa ulimwengu. Ardhi iliyoganda ilikuwa ngumu kuchimbwa. Uchafu wa mgodi uliilainisha. Kwa hiyo hawakuuzuia mgodi; waliusukuma uchafue zaidi, na walitoa vipimo vya uongo kuonyesha maji ni safi, maana fedha za kituo zilitoka kwa wenye mgodi. Annie aligundua. Akaingia katika maabara ya chini na kuharibu kazi yao. Wakamwua. Mmoja wao alikuwa mpenzi wake, naye ndiye aliyemziba pumzi mwishoni. Polisi mmoja akauhamisha mwili kwa ombi la mgodi, kwa tumaini la cheo.

Hapo hakuna fumbo. Kuna elimu, fedha, mgodi, polisi, na mwanamke mmoja asiye na mtetezi. Tunaoishi juu ya dhahabu na koltani hatuhitaji mwalimu wa kutueleza sehemu hiyo.

Tuone sasa jinsi kifo kinavyoelezwa kwa njia tatu katika hadithi ileile. Maelezo ya kwanza ni ya serikali. Wataalamu wa Anchorage wanaandika kwamba wanaume wale waliuawa na poromoko la theluji, na kesi ifungwe. Ni maumbile, hakuna wa kuulizwa. Maelezo haya yanawapendeza wenye mgodi, kwa sababu yanazuia watu wasichimbe zaidi. Maelezo ya pili ni ya mtaani: roho ya Annie, au roho ya kale iliyolala katika barafu, imeamka na kulipa kisasi. Maelezo ya tatu ndiyo yanayotokea kuwa kweli: wanawake wanaosafisha kituo waliiona maabara ya chini, wakaona silaha iliyofanana na majeraha ya Annie, wakaelewa. Wakaja usiku na bunduki, wakawachukua wale wanaume mpaka barafuni, wakawavua nguo, wakawaacha waende gizani.

Kila maelezo ya kifo yana mtu anayemwacha huru. Poromoko la theluji linawaacha huru wote. Mzimu unawaacha huru wale walioshika bunduki. Basi kabla ya kuuliza kama maelezo fulani ni ya ajabu au ya kawaida, tuulize: nikiyakubali haya, ni nani hataulizwa tena?

Mwavi wa barafu

Hapa tuna neno la kusema juu ya filamu yenyewe. Watazamaji wengi walishangilia wanawake wale, na tunaelewa kwa nini. Miaka 6 sheria ilikaa kimya. Wasafishaji, ambao hakuna anayewatazama usoni, ndio walioona kile ambacho polisi hawakukiona. Lakini wanapoeleza walichofanya, wanasema kwamba hawakuwaua. Waliziacha nguo zao karibu. Kama yule roho angewakataa, wangerudi na kuvaa na kupona. Hawakurudi, basi ni yeye aliyewataka.

Mababu zetu waliliita jambo la namna hiyo mwavi. Mtuhumiwa alinyweshwa sumu: akitapika, hana hatia; akifa, ni mulozi, na hakuna aliyemwua. Uzuri wa mwavi kwa wanaounywesha ni huo: mikono yao inabaki safi. Baridi ya Alaska inamwua kila mtu aliye uchi, mwenye hatia na asiye na hatia. Hakuna aliyeuliza ni nani kati ya watafiti alichoma kisu, ni nani alishika mikono, ni nani alitazama tu. Na wapelelezi wetu wawili, waliotafuta kweli kwa sehemu zote 6, wanapoijua wanakubali kuandika poromoko la theluji na kuondoka. Katika filamu wauaji walikuwa wauaji kweli, kwa hiyo mtazamaji analala vizuri. Mwandishi alitupangia hivyo.

Kwetu mambo hayapangwi na mwandishi wa filamu. Mwaka 2021 zilitoka habari za wanawake waliouawa katika Kabare, Kalehe na Walungu, Kivu ya Kusini, kwa kutuhumiwa uchawi. Wanaojiita bajakazi, wanaodai wamepewa kipawa cha kutambua mulozi, walitajwa katika habari hizo. Wengi wa wanaotuhumiwa hivyo ni wamama wazee na wajane. Kijiji kinamwona mtoto amekufa, hakuna daktari aliyemwona, hakuna aliyepima maji, na jioni kuna mama anayechomwa moto. Wanaomchoma huenda nyumbani wakiamini kama wale wasafishaji: sisi hatukuua, ni jambo la roho.

Wanawake ambao mzimu hauwatetei

Filamu hii iliwaita watu wa asili wa Alaska kuwa washauri na watayarishaji wake, na ni kweli kwamba kifo cha Annie hakikutungwa bila sababu. Katika Kanada na Marekani, wanawake wa asili wanaouawa au kupotea ni kilio cha miaka mingi. Serikali ya Kanada iliunda tume ya uchunguzi mwaka 2016. Taarifa yake ya mwisho, iliyotolewa Juni 2019, ilisema kwamba mambo hayo yote kwa pamoja yanafikia mauaji ya kimbari, na kwamba mara nyingi polisi hawakutafuta au walichelewa kutafuta. Marekani ilitia sahihi sheria mbili juu ya jambo hili mwezi wa Oktoba 2020, moja yake ikiwa na jina la Savanna, kijana wa North Dakota aliyeuawa mwaka 2017 akiwa mjamzito.

Tukijua hayo, tunaitazama sehemu ya kwanza ya filamu kwa macho mengine. Wanaume 8 wa kituo wanatoweka, na mara moja kuna taa, helikopta, wataalamu kutoka mji mkubwa. Annie alikutwa ameuawa, na faili yake ikakaa katika sanduku. Navarro peke yake ndiye aliyekuwa akilisumbua sanduku hilo. Ilihitajika wanaume wa elimu wafe ndipo jina lake litajwe tena.

Tunafikiri hapo ndipo ulipo ule mzimu. Hatuzungumzi juu ya chungwa wala sauti za gizani. Tunazungumza juu ya mtu aliyeuawa bila kuulizwa, ambaye hawezi kulala kwa sababu walio hai wamekataa kumwuliza. Biblia inajua lugha hiyo. Damu ya Abeli inalia kutoka ardhini katika Mwanzo 4. Lakini tuone Mungu anachofanya anapousikia ule mlio: hamtumi Abeli akalipe kisasi. Anamwendea Kaini na kumwuliza swali.

Torati inapima hatua

Kuna sura moja ambayo hatuisikii sana mimbarani, Kumbukumbu la Torati 21. Inaeleza la kufanya maiti inapokutwa shambani na muuaji hajulikani. Tungetegemea, kwa desturi za mataifa ya wakati ule, kwamba aitwe mwaguzi. Torati haisemi hivyo. Inaagiza wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka kwenye maiti mpaka miji ya jirani. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake ndio watakaosimama mbele za Mungu na kutangaza kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona.

Ni utaratibu wa upelelezi. Kwanza unapima. Kisha unawauliza wenye mamlaka, wala si wanyonge. Hakuna mjane anayeshikwa. Hakuna mtoto anayetolewa pepo. Wakubwa wa mji ndio wanaoapa, na anayeapa uongo anajua anasimama mbele ya nani.

Hatusemi kwamba hakuna roho. Sisi tunahubiri Bwana aliyetoa pepo, na hatuoni haya. Wala hatutaki kuwacheka Wainupiat wanaozungumza na mababu zao, kama walivyocheka wageni waliokuja na mgodi. Tunasema juu ya mpangilio wa maswali. Mtu akifa ghafla, maswali ya mkono wa mtu na ya maumbile yatangulie: alikula nini, alikunywa maji gani, alikuwa na ugonjwa gani, alitishwa na nani, nani anafaidika, nani alimwona wa mwisho. Maswali hayo yakikatwa mapema na neno karuho au neno mulozi, muuaji wa kweli, kama yupo, anakaa katikati yetu kwenye matanga na kula nasi. Na kama ni kipindupindu, kitamchukua mwingine wiki ijayo wakati sisi tunamfukuza bibi kizee.

Tuonavyo sisi, yapo mambo makanisa yetu yanaweza kuanza mara moja. Mchungaji au mzee wa kanisa anayekwenda kwenye matanga asiruhusu jina la mtu kutajwa kuwa mulozi akiwa yeye yupo na kunyamaza. Kunyamaza kwake kutachukuliwa kuwa sahihi. Chumba cha maombi kisigeuke mahali pa kuagulia. Anayetuhumiwa apewe mahali pa kulala usiku huohuo, kabla ya mkutano wowote, hata kama ni nyumba ya mchungaji. Na kwa watoto, tukumbuke kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamtia hatiani anayemtuhumu mtoto uchawi, kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Sheria hiyo haimwachi nje mwenye Biblia mkononi.

Na vijana, tusiwakataze filamu hizi. Tukae nao tutazame. Watakapobishana kama chungwa lilirudishwa na mzimu au na mteremko wa barafu, tuwaache wabishane, ni haki yao. Kisha tuwaulize: Annie aliuawa na nani? Maji yalikuwa meusi kwa sababu gani? Polisi alinyamazishwa na nani? Wale wanawake, walikuwa na haki? Mngekuwa Danvers, mngeandika nini katika taarifa? Maswali hayo yana majibu, na kijana aliyejizoeza kuyauliza mbele ya skrini atayauliza pia siku atakapoitwa kwenye mkusanyiko wa avenue yake, usiku, wakati watu wameshika mawe na jina la mama fulani limekwisha kutajwa.